Kompaila Imeambiwa Nini? Kuhusu Maonyo ya printf Yasiyo ya Kweli

GCC, kompaila (programu inayogeuza msimbo wa C kuwa lugha ya mashine), ikisoma `printf("%lu\n", n)`, yaani agizo la kuchapa namba `n`, haiendi kuitazama maktaba itakayochapa hiyo namba. Haiwezi. Maktaba iko kwenye faili jingine ambalo pengine halijaunganishwa bado, au iko ndani ya Windows ya mtu mwingine kabisa. Kompaila inatazama mambo matatu tu: kanuni za lugha ya C kuhusu herufi zinazofuata alama ya asilimia, aina halisi ya `n` kwa mashine unayoilenga, na matamko ambayo wewe au mwandishi wa heda (faili la matamko ya maktaba) mmeyaweka. Kwa hayo matatu inatoa hukumu. Ikitoa onyo lisilo la kweli, ujue mojawapo lina habari isiyo ya kweli, na dawa ni kulitafuta na kulirekebisha palepale lilipo.

Naandika haya kwa sababu dawa inayotumika zaidi ni nyingine. Mtu anaona mistari 40 ya maonyo, anajiridhisha kwamba mmoja au miwili haina msingi, anaweka `-Wno-format`, bendera inayozima maonyo hayo yote, kwenye Makefile (faili la maagizo ya kukompaili) na maisha yanaendelea. Nimeikuta bendera hiyo kwenye miradi ya watu ninaowaheshimu. Kila ninapoikuta naumia, kwa sababu ukaguzi wa fomati, yaani yale maandishi yenye alama za asilimia, ni mojawapo ya zawadi kubwa ambazo kompaila inampa mwandishi wa C bila malipo.

Niseme tunafanya nini, ili mifano ieleweke. Hapa Dodoma tunatengeneza vifaa vidogo vya kupima unyevu wa udongo kwenye mashamba ya zabibu, pande za Hombolo, Mpunguzi na Makutupora. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi au Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 500 mpaka 600. Miezi inayobaki mzabibu unaishi kwa maji ya kumwagilia, na pampu inakula dizeli au umeme. Mkulima anapoletewa ujumbe kwenye simu kwamba udongo bado una maji ya kutosha, anaiacha pampu imelala. Namba kwenye ujumbe huo imepitia `snprintf`, ndugu ya `printf` inayoandika kwenye nafasi uliyoitengea badala ya kuchapa. Ikitoka vibaya, mtu ataunguza mafuta bure, au mizabibu itakauka wakati wa kuweka matunda.

Msimbo wetu mkubwa ni mmoja, lakini unakompailiwa mara tatu: kwa bodi ndogo yenye chipu ya ARM inayokaa shambani, kwa seva ya Linux, na kwa kompyuta za Windows wanazobeba mafundi wanaokwenda kufunga vifaa. Ni kompaila tatu, na maktaba za C nazo ni tatu, kila moja na tabia yake. Mahali pa namna hiyo ndipo maonyo ya uongo yanapozaliana.

Kwanza, kwa nini ukaguzi huu upo. Fanksheni ya kawaida ya C inajua inapokea nini. `printf` haijui. Baada ya fomati kuna nukta tatu, na nukta tatu zinaruhusu chochote, kwa idadi yoyote. Inafanya kazi kama karani wa ghala anayepokea makreti kwa kufuata hati aliyoleta dereva bila kulitazama lori: hati ikisema kilo 20 anapakua kilo 20, hata kama kreti lina 40, na kinachofuata anaanza kukipakua kutoka katikati ya kreti lililobaki. Ukiipa `%ld` thamani ya biti 64 kwenye bodi ambayo `long` yake ni biti 32, itasoma nusu, halafu hoja (thamani ulizoipa baada ya fomati) zinazofuata itazisoma kutoka mahali pasipo pake. Mara nyingi programu haitaanguka. Itachapa namba tu, na hiyo ndiyo hatari yake.

Kuna hatari kubwa kuliko namba mbovu. Mwaka 2000 seva ya FTP iliyoitwa wu-ftpd ilikutwa na kosa la kupitisha maandishi ya mtumiaji moja kwa moja kama fomati, na kwa njia hiyo mtu wa nje aliweza kuendesha amri kwa mamlaka kamili ya mwenye mashine. Tangu hapo watu walianza kuitazama `printf(maandishi)` kwa jicho jingine. Leo Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, inakompaili vifurushi vyake kwa `-Werror=format-security`, yaani onyo la aina hiyo linakuwa kosa na kazi inasimama. Anayezima `-Wformat` anazima na ulinzi huo.

Tuje kwenye maonyo yenyewe. Lile linalosumbua zaidi wanaoanza na mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ni hili: umeandika `%u`, umeipa `uint32_t`, aina ya namba isiyo hasi ya biti 32, na GCC ya ARM inasema ilitarajia `unsigned int` lakini imepewa `long unsigned int`. Kijana mmoja aliyekuja kwetu kufanya mafunzo kwa vitendo alinigeukia nalo akiwa amekereka.

"Dada, hii kompaila imechoka. `%u` ni biti 32, `uint32_t` ni biti 32. Sasa inalalamikia nini?"

"Usibishane nayo, mdogo wangu. Iulize kwanza `uint32_t` ya hapa ni nini."

Kuiuliza ni rahisi, na napenda kila mtu aijue amri hii:

```
arm-none-eabi-gcc -dM -E - < /dev/null | grep UINT32_TYPE
```

Jibu linalotoka ni kwamba `__UINT32_TYPE__` ni `long unsigned int`. Endesha amri ileile kwa `gcc` ya kawaida kwenye Linux ya biti 64, utaambiwa `unsigned int`. Jina ni moja, upana ni mmoja, aina ni mbili. Kwa kanuni za C, `int` na `long` ni aina tofauti hata pale zinapolingana upana, na kuipa `printf` aina isiyoendana na fomati ni tabia isiyofafanuliwa, yaani kanuni haziahidi matokeo yoyote. Kwa hiyo kisheria onyo lina haki. Kwa vitendo, kwenye bodi ile, namba itatoka sawasawa. Ndiyo maana watu wanaliita la uongo.

Alichotaka kufanya yule kijana ndicho wengi wanachofanya: kubadili `%u` iwe `%lu`. Bodi ikanyamaza. Tulipokompaili msimbo uleule kwa seva, GCC ya Linux ikalalamika kwa sababu halali kabisa, kwani huko `unsigned long` ni biti 64 na `uint32_t` ni 32. `%u` ni sahihi huku, `%lu` ni sahihi kule, na hakuna hata moja iliyo sahihi kote. Fomati inatakiwa iifuate aina popote inapokwenda, na C ina njia hiyo tangu kanuni za 1999, kwenye heda ya `inttypes.h`:

```
printf("unyevu=%" PRIu32 " saa=%" PRId64 "\n", unyevu, saa);
```

`PRIu32` ni makro inayogeuka kuwa `"lu"` kwenye bodi na `"u"` kwenye seva, na C inaunganisha vipande vya maandishi vilivyopangwa bega kwa bega. Haipendezi kuisoma, nakubali. Alama za nukuu zinakatakata sentensi mpaka macho yanachoka. Hata hivyo ndiyo njia pekee ambayo aina na fomati vinatoka mahali pamoja, na kwenye msimbo unaokwenda mashine tatu sioni mbadala wake.

Njia ya pili inayokubalika ni kubadili hoja yenyewe: `printf("%lu", (unsigned long)unyevu)`. Hii ni halali kila mahali, kwa sababu `unsigned long` haiwi chini ya biti 32. Hapa nataka kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana. Kubadili aina kwenda kwenye aina pana inayojulikana ni kuiambia kompaila jambo la kweli: hoja inayopita sasa kweli ni `unsigned long`. Kubadili `uint64_t` kuwa `unsigned` ili onyo lifutike ni kuikata namba na kuificha sehemu iliyokatwa. Yote mawili yanaandikwa kwa mabano yaleyale, na yote mawili yananyamazisha kompaila, kwa hiyo anayekagua msimbo wa mwenzake asipite haraka kwenye mabano hayo. `time_t`, aina ya kutunzia muda, ndiyo inayoponza watu zaidi. Haina herufi yake kwenye `printf`, siku hizi mara nyingi ni biti 64 hata kwenye mashine za biti 32, kwa ajili ya kuuvuka mwaka 2038, ambapo hesabu ya sekunde ya biti 32 inajaa, na bado watu wanaiandikia `%ld` kwa mazoea. Ibadilishe iwe `long long` na utumie `%lld`, au `intmax_t` na `%jd`.

Waliotumia mikrokontrola za ESP32 wanalijua joto la jambo hili. ESP-IDF 5.0 (zana za kuandikia programu zake), iliyotoka mwishoni mwa 2022, ilibadili `uint32_t` ya chipu za Xtensa kutoka `unsigned int` kuwa `unsigned long`, na miradi iliyokuwa safi ikafurika maonyo siku ya kuhamia toleo hilo. Walioandika `PRIu32` tangu mwanzo hawakugusa mstari wowote.

Sasa nije kwenye onyo ambalo ni la uongo hasa, ambalo namba inatoka sahihi, msimbo ni sahihi, na kompaila bado inasema umekosea.

Tuna fanksheni yetu ya kumbukumbu. Kama kila mradi wa C, hatuiti `printf` moja kwa moja. Tunaita yetu, inayoongeza muda na jina la kifaa. Ili kompaila iweze kuikagua kama inavyoikagua `printf`, tamko lake lina atributi, yaani maelezo ya ziada kwa kompaila:

```
void kumbukumbu(const char *fmt, ...)
    __attribute__((format(printf, 1, 2)));
```

Namba 1 ni nafasi ya fomati, namba 2 ni mahali hoja zinapoanzia. Kwenye Linux kila kitu kilikuwa kimya. Kwenye Windows, tukitumia MinGW-w64 (GCC na heda zake kwa ajili ya Windows), kila `%zu` (ya `size_t`, aina ya ukubwa) na kila `%lld` (ya `long long`) ilileta maonyo mawili: la kwanza kwamba herufi hiyo haijulikani, la pili kwamba hoja zimezidi fomati. Hilo la pili ni mtoto wa la kwanza, maana kompaila ikishaikataa `%zu` haioni tena kitu cha kuitumia hoja yake. Lakini ukiendesha programu, namba zote zinatoka vizuri.

Kisa chake kinaanzia mbali. Maktaba ya zamani ya C ya Windows, `msvcrt.dll`, kwa miaka mingi haikuzijua `%zu` wala `%lld`. Kwa namba za biti 64 ilikuwa na herufi zake, `%I64d`. MinGW-w64 inakuruhusu kuikwepa: ukitangaza `__USE_MINGW_ANSI_STDIO` kuwa 1 kabla ya heda zote, `printf` yako inaelekezwa kwenye toleo lao wenyewe linaloelewa kanuni za C za kisasa. Sisi tuliitangaza. Kwa hiyo anayechapa anaijua `%zu`. Anayekagua ndiye hajaambiwa. Ukiandika neno `printf` ndani ya atributi kwenye msimbo unaolenga Windows, GCC inalisoma kama `ms_printf`, yaani sheria za ile maktaba ya zamani. Tuliiambia kompaila kwamba fanksheni yetu inafuata sheria za `msvcrt`, wakati ndani yake inafuata nyingine. Onyo ni la uongo kwa sababu tamko ni la uongo.

Tangu GCC 4.4 ya mwaka 2009 unaweza kutaja sheria unazozikusudia kwa jina: `gnu_printf` au `ms_printf`. Na heda ya `stdio.h` ya MinGW-w64 ina jina linalobadilika lenyewe kulingana na maktaba uliyochagua. Kwa hiyo tamko letu sasa liko hivi:

```
#include <stdio.h>
#ifdef __MINGW_PRINTF_FORMAT
#define SHERIA_FMT __MINGW_PRINTF_FORMAT
#else
#define SHERIA_FMT printf
#endif

void kumbukumbu(const char *fmt, ...)
    __attribute__((format(SHERIA_FMT, 1, 2)));
```

Maonyo yaliondoka yote. Hatukubadili hata mstari mmoja wa msimbo unaochapa, na ukaguzi bado umewaka. Siku fundi akiondoa `__USE_MINGW_ANSI_STDIO`, jina lile litageuka kuwa `ms_printf` na maonyo yatarudi, na safari hiyo yatakuwa ya kweli. Hicho ndicho ninachokipenda kwenye suluhisho hili.

Wapo wanaoandika `gnu_printf` moja kwa moja kila mahali na kuendelea na shughuli. Uhalali wa hilo unategemea kitu kimoja tu: je, una uhakika nani anachapa? PostgreSQL, watengenezaji wa mfumo wa hifadhidata, wana uhakika. Tangu toleo la 12 la mwaka 2019 wanatumia `snprintf` yao wenyewe kwenye mifumo yote, Windows ikiwemo, basi wakiiambia GCC kwamba sheria ni za `gnu_printf` wanasema kweli. Wewe unayetegemea maktaba iliyopo kwenye mashine ya mteja, ukiandika `gnu_printf` huku maktaba ni ile kongwe, umeondoa onyo la kweli na kuacha namba mbovu.

Nikiwa kwenye atributi: fanksheni pacha inayopokea `va_list` (hoja zilizokwisha kufungashwa pamoja) nayo inahitaji yake, na namba ya mwisho iwe 0, kwa sababu hakuna hoja za kukagua hapo. Ukiisahau, `-Wformat-nonliteral` italalamika ndani ya fanksheni zako. Bendera ya `-Wsuggest-attribute=format` inakuonyesha ulipoisahau.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi kwa wanaobuni herufi zao za fomati. glibc, maktaba ya C ya Linux, inaruhusu kusajili herufi mpya, lakini GCC haina habari na usajili unaofanyika programu ikiwa inaendeshwa, hivyo kila utumizi wa herufi hiyo ni onyo. Kernel (kiini cha mfumo) ya FreeBSD ilikuwa na `%b` na `%D` za kwake, na ilibidi kompaila yao iongezewe bendera maalumu ya kuzikubali. Linux walipita njia nyingine ambayo naiona ya akili sana. Wanapotaka kuchapa anwani ya IP wanaandika `%pI4`, na kwa anwani ya MAC `%pM`. GCC inaona `%p`, inadai pointa, inapewa pointa, inaridhika. `I4` inayofuata inaichukulia kama maandishi ya kawaida. Kernel ndiyo inayojua kwamba si maandishi. Ukaguzi wa kompaila haukuvunjwa wala kuzimwa. Ubunifu wao ulipangwa uingie ndani ya sheria zilizopo.

Kundi jingine lilianza na GCC 7, mwaka 2017: `-Wformat-truncation`. Hili haliulizi aina, linauliza nafasi.

```
char tarehe[11];
snprintf(tarehe, sizeof tarehe, "%04d-%02d-%02d",
         t.tm_year + 1900, t.tm_mon + 1, t.tm_mday);
```

Herufi kumi na alama ya mwisho, inaenea barabara. Kompaila inasema maandishi yanaweza kukatwa, kwa sababu kwake `tm_mon + 1` ni `int` inayoweza kufika bilioni mbili, na sisi ndio tunaojua kwamba mwezi hauzidi 12. Onyo hili huja na kuondoka kulingana na kiwango cha uboreshaji, kwani linategemea hesabu za mipaka ya thamani ambazo kompaila huzifanya ikiboresha msimbo. Kwa hiyo linamtokea mtu mmoja na mwenzake halimtokei, wakabishana mchana kutwa.

Ukilitazama haraka utasema ni la uongo mtupu. Lakini bodi zetu zina chipu ya saa yenye betri yake, na rejista zake zinahifadhi tarakimu mbili kwenye baiti moja, biti nne kwa kila tarakimu. Mawasiliano na chipu yakikatika, baiti inayosomwa mara nyingi ni 0xFF, na ukiigeuza kwa kanuni ya kawaida unapata 15 mara 10 jumlisha 15, yaani 165. Mwezi wa 165 unahitaji nafasi tatu. Kompaila haijui habari za betri wala waya, lakini swali lake lilikuwa sahihi: nani amehakikisha? Ukiweka sharti kabla ya `snprintf`, kwamba mwaka, mwezi na siku viwe ndani ya mipaka yake, kompaila inaliona sharti na mara nyingi inanyamaza yenyewe. Ukikagua thamani inayorudishwa na `snprintf`, kiwango cha kwanza cha onyo hili nacho kinanyamaza, kwa sababu umeonyesha kwamba kukatwa kwa maandishi umekufikiria. Sisi tulifanya yote mawili.

Ujumbe kwa wakulima unaleta onyo la aina yake. Asili ya maandishi yetu ni Kiswahili, na kuna tafsiri ya Kiingereza kwa baadhi ya wadau. Ukiweka fomati zote kwenye jedwali na kuandika `printf(jedwali[lugha][i], ...)`, `-Wformat=2` itakuambia fomati si maandishi ya moja kwa moja na haiwezi kukaguliwa. Ni kweli haiwezi. Tulitumia gettext, zana ya kutafsiri maandishi ya programu, badala ya jedwali, na maandishi ya Kiswahili yakabaki ndani ya msimbo:

```
printf(_("Shamba la %s: lita %u\n"), jina, lita);
```

Heda ya gettext ina atributi iitwayo `format_arg`, inayoiambia kompaila kwamba kinachorudishwa ni fomati ya namna ileile iliyoingia. GCC inakagua Kiswahili, na `msgfmt -c` inakagua kwamba kila tafsiri ina alama zilezile. Kiingereza kinataka lita zitangulie, basi mfasiri anaandika `%2$u` na `%1$s`. Alama hizo za nafasi zinatoka POSIX, kanuni za mifumo ya jamii ya Unix, hazimo kwenye kanuni za C, na ukiziweka ndani ya msimbo wenyewe `-Wpedantic` italalamika. Kwenye faili la tafsiri hazina tatizo, na seva ya Linux inazielewa. Kwenye bodi hazifanyi kazi, kwa hiyo ujumbe wote unatungwa kwenye seva na bodi inatuma namba tupu.

Na kwenye bodi hiyohiyo kuna jambo la kinyume ambalo wanaopigana na maonyo hulisahau. Ili programu ienee, tunaunganisha na newlib-nano, toleo dogo la maktaba ya C. Andika `printf("%zu", n)` kwa `size_t`: GCC kimya kabisa, aina zinaendana, kanuni zimefuatwa. Kinachotoka kwenye waya ni herufi `zu`. Andika `%lld`, kitatoka `ld`, na hoja yake haitaguswa, hivyo inayofuata itasoma kilichokuwa cha mwenzake. Maktaba hiyo, kama inavyosambazwa kwa kawaida, imeondolewa uwezo huo ili ipungue ukubwa. Kompaila inakagua kwa kanuni za C kamili, anayechapa anajua sehemu yake tu. Kisa ni kilekile cha Windows, kimegeuzwa: kule anayekagua alijua machache kuliko anayechapa, huku anajua mengi zaidi. Hakuna bendera ya GCC ya kusema "sheria za nano". Kwa hiyo upande wa bodi `size_t` tunaibadili kuwa `unsigned long` na kutumia `%lu`, na namba za biti 64 zina fanksheni yake ndogo inayozigeuza kuwa maandishi.

Kuna maonyo machache yaliyobaki ambayo hayana tamko la kurekebisha. Hayo tunayafunga kwa `#pragma GCC diagnostic push`, `ignored` na `pop`, maagizo ya kuzima onyo kwa muda, kuzunguka mstari husika tu, na juu yake maelezo ya kwa nini na kwa toleo gani la GCC. Toleo likipanda, pragma inaondolewa na kujaribiwa upya. Baadhi zimeshaondoka kabisa.

Kanuni mpya, C23, zimeleta `%w32u`, inayosema upana moja kwa moja bila zile nukuu za `PRIu32`. glibc inaijua tangu 2.38, na GCC 14 inaikagua. Kwenye seva tungeweza kuianza hata leo. Lakini faili zinazochapa unyevu ni zilezile kwa seva na kwa bodi, kwa hiyo kwenye faili hizo `PRIu32` inabaki.